Aliyebaki Nairobi: uchambuzi wa safari ya Sibiloi iliyokwama Chalbi

Kabla ya kisa

Kisa hiki ni cha safari ya gari kutoka Nairobi hadi hifadhi ya Sibiloi, kaskazini mwa Kenya, iliyokwama kwenye jangwa la Chalbi wakati wa kurudi. Wahusika wake ni wanachama wa chama kimoja cha hapa Nairobi, isipokuwa dereva na mwenyeji wa North Horr aliyewaongoza njia. Wamekubali niandike mradi nisiwataje, kwa hiyo nitawaita kwa vyeo vyao vya chama au kwa kazi waliyoifanya safarini. Mwezi, aina ya gari na hesabu za pesa nimeziacha nje.

Mimi ni Katibu, na sikwenda. Nilikuwa mtu wa nyumbani, yule anayeachiwa karatasi ya safari ili mambo yakiharibika awe wa kwanza kujua. Mambo yaliharibika, na nilikaa karibu saa ishirini na nne bila kujua. Mengi ya hapa chini nimeyapata baadaye kwa kuketi na kila mmoja peke yake, kwa sababu wakiwa pamoja wanaanza kusaidiana kusahau.

Usuli

Wazo la safari lilikuwa la Mwalimu. Alistaafu baada ya kufundisha jiografia zaidi ya miaka 30. Amepeleka madarasa kwa madarasa kwenye jumba la makumbusho la Museum Hill kutazama mabaki ya binadamu wa kale, amechora ramani ya Ziwa Turkana ubaoni mara zisizohesabika, na Koobi Fora yenyewe hajawahi kuikanyaga. "Nimeuza mboga nisiyoionja," alituambia kwenye mkutano wa kugawana pesa za mwisho wa mwaka. Wanachama wanne wakasema watamsindikiza: Mwenyekiti, Mweka Hazina, Mama Chakula na Kijana.

Koobi Fora imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi, mashariki mwa Ziwa Turkana, yapata kilomita 800 kutoka Nairobi. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo, mmoja wa kikosi cha mtafiti Richard Leakey, aliona huko vipande vya lile fuvu linalojulikana kwa nambari 1470, ambalo umri wake unakaribia miaka milioni 2. Mwaka uliofuata eneo likatangazwa hifadhi, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,570. Lilitiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1997, na mwaka 2018 likatiwa pia kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini, hasa kwa ajili ya bwawa la Gibe III huko Ethiopia, kwenye mto Omo unaolilisha ziwa.

Msafiri anayejipanga anahitaji kujua mambo mengine zaidi ya hayo. Ndani ya hifadhi hakuna duka wala kituo cha mafuta, na simu yako itakuwa saa ya mkononi tu. Ziwa liko pale, kubwa, lina rangi ya kijani, lakini maji yake yana magadi na mamba ni wengi. Mtu wa Nairobi akiona ziwa kwenye ramani moyo hutulia, hapa usitulie.

Njia ni lami tupu hadi Marsabit, kupitia Isiolo. Marsabit unaacha lami, unashuka kuelekea Maikona, Kalacha na North Horr, nchi ya Wagabra na ngamia wao. Hapo katikati ndipo ilipo Chalbi. Chalbi ni sakafu ya ziwa lililokauka zamani, bakuli lililozungukwa na mlima Marsabit upande mmoja, Kulal upande mwingine, na vilima vya Huri kaskazini. Mvua ikinyesha Huri, wewe uliye bondeni huenda usione hata wingu, lakini maji yanakuteremkia. Jua la siku mbili tatu linakausha juu, ganda jeupe la chumvi linajitanda, na chini ya ganda tope linabaki bichi siku nyingi. Kwa macho, sehemu kavu na sehemu bichi ni kitambaa kimoja.

Maandalizi

Kuna mambo waliyafanya vizuri, nami sitaki yapotee kwenye lawama. Ada ya hifadhi ililipwa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla ya kutoka Nairobi, maana huwezi kufika langoni pasipo mtandao ukaanza kubonyeza simu. Walibeba mitungi sita ya maji ya lita 20: watu sita, lita 5 kwa mtu kwa siku, siku nne. Walibeba dizeli ya akiba, spea mbili, beleshi, turubai na pakiti za ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji kwa aliyeishiwa maji mwilini.

Mpango wa awali ulikuwa magari mawili. Siku tano kabla ya safari, giaboksi ya gari la pili ikafa. Mkutano wa dharura ulifanyika kwenye kibanda cha nyama choma na uliisha kabla nyama haijaiva. Mwenyekiti alisema nyumba za kulala zimeshalipiwa, ada imelipwa, likizo zimeombwa. Nani atarudisha? Hakuna aliyejibu, nikiwemo mimi niliyekuwa naandika kumbukumbu. Wakaenda na gari moja la kukodi pamoja na dereva wake, mtu makini aliyezoea kupeleka wageni Mara na Amboseli, lakini aliyekuwa hajawahi kuvuka Isiolo.

Halafu kuna karatasi. Kazi yangu ya kila siku ni kufuatilia magari ya mizigo. Lori likichelewa dakika 40 kufika Nakuru, mimi ndiye napiga simu, na nina utaratibu ulioandikwa wa nani anafuata asipopatikana wa kwanza. Kwa rafiki zangu niliomba karatasi, nikapewa orodha ya siku na mahali pa kulala. Nilipomuuliza Mwenyekiti, "Na msipofika?" alicheka. "Dada, tutakupigia. Usijali." Nami nikaikunja karatasi nikaitia kwenye mkoba.

Yaliyotokea

Siku ya kwanza walitoka Nairobi saa kumi alfajiri, wakalala Marsabit. Siku ya pili walimchukua mwenyeji, Mgabra aliyeonyeshwa na watu wa nyumba ya wageni, wakashuka hadi North Horr. Jioni hiyo ujumbe wao haukuingia. Saa tano usiku niliwapigia binti yake Mwalimu na mke wa Mwenyekiti, nikawakosesha usingizi. Asubuhi saa tatu ujumbe ukaja: mtandao ulikuwa umelala, wao wako wazima, wanaondoka. Kundi la WhatsApp lilinicheka siku nzima, na mtu akanibandika jina la Kamanda. Tafadhali likumbuke jina hilo.

Siku ya tatu hadi ya tano walikuwa Sibiloi, kambi yao ikiwa Alia Bay. Kwa maelezo ya wote, hizo zilikuwa siku tamu. Waliona msitu wa miti iliyogeuka jiwe, magogo yamelala chini kana kwamba mkata kuni atarudi jioni kuyachukua. Waliona mabaki ya kobe mkubwa wa kale yaliyohifadhiwa palepale yalipopatikana. Mwalimu alichuchumaa mbele yake, akavua kofia, akakaa kimya mpaka Mama Chakula akadhani anaumwa. Gurudumu moja lilitobolewa na jiwe, wakafunga spea ya kwanza. Hakuna fundi wa tairi karibu, kwa hiyo wakabaki na spea moja.

Siku ya sita jioni walirudi North Horr. Ujumbe uliingia: "Wote wazima, kesho Marsabit." Mweka Hazina alimlipa mwenyeji kwa M-Pesa na, kama ilivyo desturi yake kwa kila senti ya chama, akausukuma ujumbe wa malipo kwenye kundi.

Siku ya saba, saa moja na nusu asubuhi, wakaagana na mwenyeji. Kwake ni North Horr. Kumpeleka Marsabit kungekuwa malipo ya siku nyingine pamoja na nauli ya kurudi, na njia walishaiona. Alimwambia dereva kwamba Huri kumenyesha, washike njia ya kando yenye mawe, wasikate katikati. Maji walijaza mitungi miwili tu kati ya sita. Leo tunalala Marsabit, walisema.

Dereva alishika njia ya mawe kama alivyoambiwa. Mawe yale ni ya volkano, meusi, yenye makali, na kila dakika chache moja lilikuwa likigonga chini ya gari. Ana spea moja. Kulia kwake, mita mia hivi, kuna uwanja mweupe laini, na juu yake alama za lori zinazoelekea kulekule anakokwenda. "Mwenyekiti, unaonaje?" aliuliza. "Wewe ndiye dereva," akajibiwa. Akakata kulia.

Walienda vizuri muda mrefu kidogo, vioo wazi, mtu akaanza hata kuimba. Kama saa nne asubuhi, gari lilipungua mwendo lenyewe, kama mtu aliyeingia mtoni bila kujua, likainamisha upande wa nyuma, likasimama. Dereva akakanyaga mafuta. Alikanyaga na kurudisha nyuma kwa karibu dakika arobaini, mpaka tumbo la gari likalala juu ya tope. Baada ya hapo ndipo walipopunguza upepo wa magurudumu. Jeki waliyoiweka chini ilizama kama kijiko kwenye uji, maana hapakuwa na kipande cha ubao cha kuikalisha.

Saa nane mchana Kijana akasema anaziona nyumba. Wote waliziona: miti, na chini ya miti kitu kinachong'aa kama mabati. Wakaamini ni Kalacha. Akapewa lita moja ya maji, akaenda. Alitembea karibu saa mbili, na miti ikawa inakaa umbali uleule. Kisha ikainuka kidogo kutoka ardhini, akaona anga chini ya mizizi yake, akajua ni mazigazi. Kurudi kulimchukua muda mrefu zaidi, maana giza lilimkuta njiani. Alifika kwa sababu Mama Chakula alikaa kwenye kiti cha dereva akiwasha na kuzima taa kila baada ya kuhesabu hadi mia.

Wakati huohuo Mwalimu alikuwa ameanza kuumwa. Kichwa kilianza mapema mchana, hakusema. Misuli ya miguu ikakaza, hakusema. Saa kumi alitapika, na hapo hakuweza kuficha tena. Walimlaza chini ya turubai lililofungwa ubavuni mwa gari, wakamvua shati, wakalowesha shuka na kumpepea, wakampa ORS kijiko kwa kijiko. Usiku upepo ulivuma, joto likashuka, akalala.

Nairobi, jioni hiyohiyo, nilikuwa nimeketi na simu mkononi. Saa mbili kimya. Saa nne kimya. Nilipiga namba zote tano nikajibiwa na yule mama wa mitambo kwamba mteja hapatikani. Nikajiambia ni mtandao. Nikajiambia, Kamanda, lala.

Saa nne asubuhi ya siku ya nane ndipo nilipopiga simu kwenye nyumba ya wageni ya Marsabit. Hawakufika, wakaniambia. Namba ya mwenyeji sikuwa nayo kwenye karatasi. Nilipekua kundi, nikapita vicheko na picha, nikaukuta ujumbe wa M-Pesa wa Mweka Hazina, na ndani yake jina na namba. Mwenyeji alipokea mara moja. Aliwapigia ndugu zake Kalacha; hakuna gari la aina hiyo lililopita jana. Basi wako katikati, akasema, na akakata simu kabla sijamaliza kumshukuru.

Alitoka na pikipiki mbili. Wachungaji aliowakuta kwenye njia ya mawe walimwonyesha mahali alama za magurudumu zinapokata kulia. Aliacha pikipiki ukingoni, akamalizia kwa miguu, akafika kwenye turubai saa tisa alasiri.

Matokeo

Wote sita wako hai. Mwalimu alitolewa kwanza, akabebwa hadi ukingoni, kisha kwa pikipiki hadi kituo cha afya, akatundikiwa maji na kulala huko usiku mmoja. Gari lilitolewa kesho yake na vijana kumi waliokuja na mabeleshi, magunia na mbao, baada ya kazi ya nusu siku. Malipo yao yamo kwenye vitabu vya chama chini ya "Matumizi Mengineyo", na mjadala wa nani ayabebe bado unaendelea. Katika mitungi miwili zilikuwa zimebaki lita 11.

Uchambuzi

Nianze na kukata kulia, kwa kuwa kila anayesikia kisa hiki anadhani kosa ni hilo na limeisha. Dereva aliambiwa asikate, akakata. Lakini mtazame akiwa pale. Njia aliyoagizwa inaweza kumla tairi ya mwisho, na hilo analisikia kwa masikio kila jiwe linapogonga. Njia aliyokatazwa haionyeshi dalili yoyote ya ubaya, na ina alama za lori. Alama ya lori haina tarehe. Huenda lile lori lilipita wiki tatu nyuma, kukiwa kukavu. Mwenyeji angelijua hilo kwa kushuka na kuligusa kwa kidole. Kwa hiyo kosa lililozaa hilo lingine lilifanyika saa moja na nusu asubuhi, walipoona mwenyeji ni wa kuonyesha njia tu, na njia wameshaijua. Njia kweli walikuwa wanaijua. Wasichokijua ni kilichobadilika tangu walipopita, na kwa hilo ndilo angelipwa ile siku ya ziada.

Lile jibu la "Wewe ndiye dereva" nalo lina uzito wake. Dereva wa kukodi anamuuliza mwenye safari. Mwenye safari anamrudishia. Kila mmoja amempa mwenzake heshima yake, na uamuzi umebaki bila mwenyewe. Mwalimu aliyekuwa kiti cha nyuma ndiye pekee aliyejua vizuri tabia ya mabonde ya chumvi. Ananiambia alifungua mdomo akaufunga, asije akaonekana anamfundisha mtu kazi. Hii ni adabu ya kawaida kwetu, na ndani ya gari moja jangwani iliwagharimu. Dawa yake ni ndogo: kabla ya kuondoka, watu wakubaliane kwamba mtu yeyote akisema "simama", gari linasimama, na kujadili kutafuata.

Kukanyaga mafuta dakika arobaini ndiko kulikogeuza kukwama kwa saa mbili kuwa kukwama kwa siku mbili. Gurudumu likizunguka bila kusonga linachimba. Upepo ulipaswa kupunguzwa walipoacha mawe, kabla ya kuingia, na ubao wa kuwekea jeki ulipaswa kuwa garini tangu Nairobi. Ubao wa namna hiyo unapatikana soko la Gikomba kwa pesa ya chai.

Kumtuma Kijana ndilo kosa ambalo lingeua. Gari ni kubwa, lina kivuli, lina maji, na mwenye kutafuta huanza kutafuta gari. Mtu mmoja kwenye Chalbi ni nukta. Kijana mwenyewe bado anashikilia kwamba angetoka jioni badala ya saa nane angefika. Nilimpelekea mwenyeji swali hilo kwa simu. Akauliza alielekea upande gani. Nilipomwambia jua lilikuwa likimpiga usoni, alinyamaza kidogo, kisha akasema Kalacha ilikuwa mgongoni mwake. Kilichomwokoa ni nyayo zake mwenyewe kwenye tope, mpaka giza lilipozifuta, kisha zile taa. Mama Chakula hakufundishwa na mtu kuwasha na kuzima. Anasema aliona taa inayokaa tu inafanana na nyota, na yeye alitaka isifanane.

Kwa upande wa maji nina sifa na lawama kwa mtu mmoja. Dakika gari lilipogoma kabisa, Mweka Hazina alifungua ukurasa mpya kwenye daftari la chama, akaandika "Maji", akachora safu sita. Nimeuona ukurasa huo. Kila kikombe kina saa na alama ya aliyekunywa, na tarakimu zake ni safi hata za usiku wa manane. Bila daftari lile, watu sita wenye hofu wangeweza kumaliza mitungi ile kabla ya machweo. Ila aligawa sawasawa, kikombe kwa kikombe, kama anavyogawa faida. Mwili haugawi hivyo. Mwalimu ni mzee, na kumbe anameza dawa ya presha ya aina inayotoa maji mwilini kwa mkojo. Mtu wa namna hiyo joto humwangusha mapema, na alihitaji kunywa zaidi kabla hajalalamika. Wengine nao walibaki na kiu huku lita 11 zikirudi zilivyo. Kinachofaa kubanwa ni jasho: kivuli, kukaa kimya mchana, kuchimba usiku. Maji mtu anywe kiu inapomtaka.

Walichomfanyia Mwalimu kilikuwa sahihi, na pakiti za ORS zilifanya kazi yake. Walibahatika kwamba hakuvuka mstari. Mgonjwa wa joto akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akiyumba, au akizimia, hiyo si kuchoka tena. Ubongo unapikwa, na pale hapakuwa na njia ya kumfikisha popote. Fomu ya safari haikuwa na mahali pa kuandika dawa. Sasa panapo.

Nimebaki mimi. Saa kumi na mbili zilipotea, na zilipotea Nairobi, kwenye kochi, karibu na chaja. Kama ningempigia mwenyeji saa nne usiku wa siku ya saba, angewafikia alfajiri, kabla ya joto la siku ya pili. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikupiga. Nilikuwa na namba, japo sikujua ninayo. Nilikuwa na wasiwasi, tena mkubwa. Kilichonizuia ni lile jina la Kamanda. Siku ya pili nilipiga kelele bure nikachekwa. Siku ya saba nikaona afadhali nikosee kwa kunyamaza. Siwalaumu walionicheka, hata mimi nilicheka. Tatizo ni kwamba karatasi ilikuwa imeniachia mimi kuamua lini hofu yangu ni halali. Kazini siamui. Dakika 40 zikifika napiga, na dereva wa lori hanioni mwoga, kwa sababu saa ndiyo iliyopiga.

Tulichobadilisha, basi, ni hiki. Karatasi mpya ina saa mbili kwa kila siku: saa wanayotarajia kufika, na saa ya kuanza kutafuta. Siku zisizo na mtandao zimeandikwa wazi, ili kimya cha Sibiloi kisifanane na kimya cha Marsabit. Saa ya kutafuta ikifika, mtu wa nyumbani anapiga simu zilizoandikwa kwa mpangilio: nyumba ya wageni, mwenyeji, askari wa hifadhi, chifu. Haruhusiwi kusubiri, na hakuna mtu atakayemcheka. Njia ikibadilika, au mwenyeji akiachwa, ujumbe unatumwa kabla gari halijawashwa. Namba ya mwenyeji imo, na ya ndugu yake imo pia.

Nilimtumia mwenyeji nakala aipitie. Aliirudisha na jambo moja ambalo sisi wote hatukulifikiria: idadi ya watu, na rangi ya gari. Siku ile alipofika kwenye turubai aliwahesabu watano. Mweka Hazina alikuwa ameenda haja, na Chalbi haina hata kichaka, kwa hiyo alikuwa amekwenda mbali sana akiwa amejitanda shuka. Mwalimu alikuwa amelala, wengine wakazungumza wote kwa pamoja, na mwenyeji akaona nyayo za mtu mmoja zinazoondoka kwenye gari kuelekea penye mazigazi. Zilikuwa za Kijana, za jana. Alikuwa ameshazifuata hatua mia mbili hivi, chupa ya maji mkononi, aliposikia Mama Chakula akimwita kwa sauti kwamba huyo naye amesharudi.